Gemu ya Bandani, Gemu ya Sebuleni: Hesabu ya Turiani

Duniani kwingine gemu za video zilianzia kwenye kumbi za kulipia, kisha zikahamia majumbani. Hapa Turiani, wilayani Mvomero, zilikuja kinyume chake. Mashine iliyotengenezwa ikae sebuleni ndiyo iliyopelekwa bandani, ikawekewa benchi mbele yake, na watoto wakaanza kutozwa kwa mechi. Sasa kila fedha za miwa na mpunga zinapoingia, au mshahara wa kiwanda cha sukari cha Mtibwa unapotoka, kuna wazazi wanaouliza kama isingekuwa nafuu kuirudisha mashine hiyo nyumbani. Nimelifanyia hesabu swali hilo, na jibu nililopata halifanani na lile linalotolewa na wauza mashine wa Kariakoo na Msamvu.

Kwanza tujue banda la gemu lilitoka wapi, maana bila kujua hilo mtu hununua kitu tofauti kabisa na kile alichokipenda.

Kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa Pong mwaka 1972. Mwaka 1978 Taito ya Japani ikaja na Space Invaders, na miaka miwili baadaye Namco ikatoa Pac-Man. Hayo yalikuwa makabati mazito ya mbao yenye kioo, vitufe na tundu la sarafu: robo dola huko Marekani, yeni 100 huko Japani. Gemu zake zilitungwa makusudi zimshinde mchezaji ndani ya dakika chache, kwa sababu mwenye ukumbi anaishi kwa sarafu inayofuata. Nyuma ya mchezaji walisimama wengine wakingoja zamu, wakitazama na kujifunza. Katika baadhi ya makabati jina la aliyepata alama nyingi lilibaki kwenye kioo, kila aingiaye alisome. Mashine za nyumbani zilikuwa zinakuja taratibu: Atari 2600 mwaka 1977, Famicom ya Nintendo mwaka 1983, PlayStation ya Sony Desemba 1994. Kadiri zilivyopata nguvu, ndivyo watu walivyopunguza safari za ukumbini.

Tanzania Bara kwa miaka hiyo karibu yote haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994, Zanzibar ikiwa imetutangulia kwa miaka kama ishirini. Kwa hiyo enzi ya makabati ilitupita. Sisi tulipata gemu za kaseti za kuchomeka kwenye televisheni, baadaye PlayStation ya kwanza, halafu PS2, ambayo ilitoka Japani Machi 2000 na ambayo Sony imeuza zaidi ya milioni 155 duniani. PS2 ndiyo iliyojenga mabanda yetu. Ilikuwa imara, vipuri vyake vilipatikana, na gemu ya mpira wa miguu ya Konami, Winning Eleven na baadaye PES, iliifanya ieleweke kwa mtu yeyote aliyewahi kusimama pembeni ya uwanja wa Manungu kuwatazama Wakata Miwa wa Mtibwa Sugar. Mtibwa Sugar walikuwa mabingwa wa Bara mwaka 1999 na 2000; kizazi cha watoto waliokulia katika shangwe hiyo ndicho kilichoshika padi za kwanza.

Banda la gemu lilirithi taratibu za kibanda umiza, lile banda la kulipia kutazama video na mpira: mabati, feni moja, pazia la kuzuia mwanga, na mwenye banda anayekaa mlangoni akishika daftari na chenji. Mashine aliyonayo ni ileile ambayo mtu angeweza kuwa nayo nyumbani. Kinachomfanya mtoto atoke kwao na sarafu mkononi ni mpinzani asiyemjua vizuri, watazamaji wa kumzomea na kumshangilia, na kanuni inayoeleweka na wote: anayefungwa anasimama, anayeshinda anabaki. Ukinunua mashine bila kununua hayo, padi zitajaa vumbi kabla ya masika.

Tuanze na hesabu ya bandani. Bei nitakazotumia ni makadirio ya kupangia bajeti, nazo uzilinganishe na bei ya mtaani kwako. Tuseme mechi moja ni shilingi 300, na anayefungwa ndiye anayelipa. Mtoto anayecheza mechi nne Jumamosi na nne Jumapili, akifungwa nusu yake, anatoa 1,200 kwa wiki. Watoto wawili wa nyumba moja wenye kiwango hicho wanatoa 2,400 kwa wiki, yaani karibu 125,000 kwa mwaka. Ukiwa na watoto wawili ambao bado wanajifunza na hufungwa kila mara, kiasi hicho kinakuwa maradufu, karibu 250,000. Hapo ndipo ilipo siri ya bei ya bandani ambayo wazazi wengi hawaioni: kanuni ya anayefungwa analipa humtwika mzigo mgeni na humwacha fundi acheze bure. Mtoto anayekuomba jero kila jioni huenda hachezi zaidi ya mwenzake. Huenda anafungwa zaidi.

Sasa nyumbani. Nimeweka ndani vitu ambavyo matangazo hayavitaji: padi za ziada, stabilaiza, na benchi la watu wanne.

PS2 nyembamba iliyotumika, yenye padi mbili na flashi iliyojazwa gemu, ipangie 150,000. Televisheni ya chogo iliyotumika 60,000, stabilaiza 60,000, benchi 40,000. Jumla 310,000. PS3 Slim kwa 300,000, ukiwa tayari una televisheni bapa, ongeza padi mbili za ziada kwa 50,000 pamoja na stabilaiza na benchi: 450,000. PS4 iliyotumika kwa 600,000, na padi zake ni ghali zaidi hata zile zisizo za Sony, hivyo seti yote inafika 780,000. PS5 ipangie milioni moja na nusu, na kwa kuwa inakuja na padi moja tu, ukinunua ya pili na vile vitu vingine unafika 1,800,000 kabla hujanunua gemu hata moja.

Gawanya kiasi hicho kwa zile 125,000 za watoto wawili wa kawaida. Seti ya PS2 inarudisha gharama yake baada ya miaka miwili na nusu. PS3 inahitaji zaidi ya miaka mitatu na nusu. PS4 inapita miaka sita, na PS5 inapita miaka 14, muda ambao mashine yenyewe haitakuwa na thamani tena na watoto watakuwa wamekwishaoa na kuolewa. Hapo bado hatujaweka umeme, matengenezo, wala ukweli kwamba nyumbani mtoto atacheza muda mrefu zaidi kuliko bandani. Kwa fedha peke yake, banda linashinda. Anayekuuzia mashine kwa hoja ya kuokoa fedha za watoto hajapiga hesabu, au amepiga akakuficha.

Lakini fedha si sababu pekee ya kuwa na gemu nyumbani, na mimi siamini kwamba ndiyo sababu kubwa. Mzazi anataka kujua mtoto yuko wapi saa mbili usiku. Anataka awe na mamlaka ya kuzima. Na kuna jambo jingine ambalo siku hizi haliwezi kupuuzwa: katika vituo vingi vya biashara, jirani na banda la gemu kuna mashine ya dubwi. Zote mbili zina taa na milio, zote mbili hula sarafu, na mtoto aliyezoea kutumbukiza mia mbili haoni mpaka uko wapi. Sheria inauona. Dubwi ni mchezo wa kubahatisha, unasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuucheza. Kama njia ya kwenda bandani inapita mbele ya dubwi, hilo ni gharama pia, hata kama halina tarakimu kwenye daftari langu. Na asitokee mtu wa kukushawishi ununue dubwi kuukuu ulifanye pambo la chumba cha gemu. Likiwa nyumbani bado ni mashine ya kamari, na bado linahitaji kibali.

Turudi kwenye umeme, kwa sababu hapa ndipo nilipokuta jambo lililonishangaza.

Mteja mdogo wa nyumbani wa TANESCO, wa daraja la D1, analipa shilingi 100 kwa uniti mradi asipite uniti 75 kwa mwezi. Wa daraja la T1 analipa 292. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya REA ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1, unapata kama 122 na 356. Televisheni bapa ya inchi 32 inakula karibu wati 50. PS2 nyembamba inaongeza kama 30, PS3 Slim na PS4 Slim kama 90 kila moja, na PS5 ikicheza gemu nzito inafika 200. Kwa saa mbili kila siku, ambazo ni saa 60 kwa mwezi, PS2 na televisheni yake zinatumia uniti 5. PS3 au PS4 zinatumia uniti 8 na kidogo. PS5 inatumia uniti 15.

Kwa mteja wa D1, uniti 15 ni shilingi 1,830. Ni kiasi kidogo, na wengi huishia hapo. Lakini chukua nyumba ya hapa Turiani yenye friji dogo, pasi, feni na taa, inayotumia uniti 65 kwa mwezi na kulipa kama 7,930. Ongeza PS5: sasa ni uniti 80. Umeshavuka 75. Zile uniti zilizozidi zinatozwa 350 kabla ya kodi, na ukivuka mara kwa mara unahamishiwa T1. Huko, uniti zote 80 zinalipiwa 356, jumla 28,480. PS5 iliyoonekana kula 1,830 imeiongezea nyumba 20,550 kwa mwezi, karibu 250,000 kwa mwaka, sawa na wale watoto wawili wanaofungwa kila mechi bandani. Nyumba hiyohiyo ikinunua PS2 inaishia uniti 70 na haiguswi. Ikinunua PS3 inafika 73 na kidogo, na hapo kila mtu lazima awe makini na pasi. Kabla hujaagiza mashine yoyote, kaa na risiti zako za LUKU za miezi mitatu, jumlisha uniti, uone umebakiwa na nafasi kiasi gani. Sijui ushauri mwingine wa bure wenye thamani kubwa kama huo.

Stabilaiza si ya hiari. Umeme ukikatika Turiani na kurudi, mara nyingi hurudi na nguvu isiyo ya kawaida, na masika radi za upande wa milima ya Nguru hazichagui nyumba. Mvua ikianza kunguruma, chomoa kila kitu ukutani, pamoja na waya wa antena au dishi. Stabilaiza haiwezi kuzuia radi.

Kuhusu televisheni, nina msimamo ambao vijana watabishana nao. Kwa PS2, chogo ni bora kuliko bapa. PS2 ilitengenezwa enzi za chogo, na picha yake kwenye kioo bapa inavutwa na kufifia. Zaidi ya hapo, televisheni nyingi bapa huchelewa kidogo kuonyesha kile ulichobonyeza, kwa kuwa zinaichakata picha kwanza. Kwenye mpira unapiga shuti na mguu unaenda baada ya nukta. Chogo haina uchelewaji huo. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa mwishoni mwa 2012, watu wamekuwa wakiziondoa chogo majumbani, na kwa hiyo zinapatikana kwa bei ndogo. Chogo moja inakula wati kama 75 hadi 80, zaidi ya bapa, na ni nzito, basi iwekee meza ya kweli. Ukiwa na televisheni bapa tu, tafuta kwenye mipangilio yake hali ya gemu na uiwashe. Hupunguza uchelewaji sana.

Unaponunua mashine iliyotumika, usiridhike na kuiona inawaka. Kwa PS2, soma kibandiko cha nyuma au cha adapta yake. Nyingine zilitoka moja kwa moja Japani na ni za volti 100. Ukizichomeka kwenye 230 zinaungua siku hiyohiyo. Jicho la kusomea diski huchoka, kwa hiyo nyingi huuzwa zikiwa zimechipiwa zisome gemu kutoka kwenye flashi. Zinafanya kazi, ila ujue gemu hizo ni za kunakili, na fundi aliyeijaza ndiye peke yake atakayejua kuirekebisha ikigoma. Kwa PS3, acha kabisa ile nene ya mwanzo. Ilikuwa na joto kali, na ugonjwa wake wa taa ya njano umeua nyingi kuliko kitu kingine. Chukua Slim au ile nyembamba zaidi iliyofuata mwaka 2012. Kwa PS4, iache iwake nusu saa ikiwa na gemu nzito ndani, usikilize feni. Ikianza kunguruma, imejaa vumbi na pesti yake ya kupitishia joto imekauka. Si tatizo kubwa, lakini ni sababu ya kupunguziwa bei. Chezesha waya wa HDMI taratibu uone kama picha inakatika. Jaribu kila kitufe cha kila padi, hasa vile vijiti viwili.

PS5 ina tatizo jingine kwa mtu wa hapa. Gemu zake nyingi zina ukubwa wa GB 50 hadi 100, na hata ukinunua diski bado kuna masasisho ya kushusha. Toleo lisilo na sehemu ya diski linakulazimisha ushushe kila kitu kwa bando. Na Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Sony inaruhusu kufungulia akaunti ya mtandao wake, hivyo watu hujisajili kwa nchi nyingine na kulipa kwa kadi za vocha. Mtu wa Dar es Salaam mwenye intaneti ya faiba anaweza kuvumilia hayo. Kwa Turiani naona ni mashine iliyokuja kabla ya barabara yake.

Simu nayo inatajwa sana kama mbadala wa bure. Ni kweli programu ya PPSSPP, iliyoanza mwaka 2012, inacheza gemu za zamani vizuri hata kwenye simu ya bei ya kati, bila bando. Lakini simu ni ya mtu mmoja anayeinamisha shingo. Haina benchi.

Benchi ndilo jambo nililotaka kulifikia. Kumbi za huko nje zilizosalia hadi leo zimesalia kwa kubadilisha namna ya kutoza. Sega, mojawapo ya majina makubwa katika kumbi za Japani, ilijiondoa kwenye biashara hiyo mwanzoni mwa 2022, na kumbi zake zikapewa jina la GiGO na mmiliki mpya. Karibu na Chicago kuna ukumbi uitwao Galloping Ghost, uliofunguliwa 2010, ambako unalipa kiingilio mara moja na kucheza siku nzima bila sarafu. Huko Laconia, New Hampshire, ukumbi wa Funspot uliofunguliwa mwaka 1952 umegeuza sehemu yake kuwa makumbusho ya makabati ya zamani. Anayetaka kuweka gemu nyumbani ajifunze kwa ule wa kiingilio. Sarafu ilikuwa ndiyo inayomwinua mtu kitini. Ikiondoka, lazima kitu kingine kimwinue. Nyumba nyingi hazina kitu hicho, ndiyo maana mkubwa hushika padi kuanzia saa nane mchana hadi magharibi, na mdogo hukaa pembeni mpaka anachoka na kwenda kulia kwa mama.

Kwa hiyo irithi kanuni ya bandani neno kwa neno: anayefungwa anasimama. Isimamie hata kwako wewe baba ukicheza. Weka ubao ukutani wa majina na matokeo, kama lile jina lililobaki kwenye kioo cha kabati. Na nunua padi nne kabla ya kufikiria mashine mpya zaidi. PS3 inapokea padi zaidi ya nne bila waya. PS2 ina matundu mawili, ukitaka nne unahitaji kifaa cha kugawa. Gemu za mpira zinaruhusu wawili dhidi ya wawili. Watoto wanne wakicheza kwa pamoja, foleni inakwisha na kelele zinakuwa za kupangana badala ya kugombana. Ndiyo sababu, nikiulizwa, naichagua PS3 Slim yenye padi nne kuliko PS4 yenye mbili, ingawa PS4 ina picha safi na gemu mpya. Kwa nyumba yenye watoto wa chini ya miaka kumi, au iliyokaribia uniti 75, PS2 na chogo vinatosha kabisa.

Mahali pa kuiweka: si chumbani kwa watoto. Sebuleni panafaa kama hakuna mtu anayehitaji kutazama taarifa ya habari. Kibaraza chenye kuta za nusu kinafaa zaidi, kwani hewa inapita na mzazi anaona kila kinachoendelea. Chini ya bati lisilo na dari mchana wa Januari, mashine itapika. Iinue juu ya meza, iache nafasi ya kiganja kila upande, usiifunike kitambaa cha kudarizi ikiwa inawaka.

Kuna njia moja ya ghali kidogo ambayo Turiani ina nafasi ya kuifanya kuliko miji mingi. Space Invaders huko Japani haikuwa kabati la wima tu. Ilitengenezwa pia kama meza ya mgahawa, kioo kikiwa kimelala chini ya vikombe vya kahawa na wachezaji wawili wakikaa kuelekeana. Meza ya namna hiyo ni kazi ya seremala. Hapa Mtibwa kuna shamba la miti la serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na mti wake mkuu ni msaji. Msaji una mafuta yanayofukuza mchwa, hauvimbi ovyo masika yakiingia, na mafundi wa hapa wanaujua. Makabati ya kisasa ya kuagiza nje, kama ya Arcade1Up yaliyoanza kuuzwa 2018, ni ya mbao za unga zilizobanwa. Yakikaa masika mawili kwenye nyumba yenye unyevu, pembe zake zitafumuka, na kabla ya hapo umelipa usafirishaji na ushuru. Seremala anaweza kukutengenezea meza ya msaji kwa kiasi cha 200,000, ukamwelekeza aache nafasi ya kioo cha kompyuta cha inchi 19 chini ya kioo kinene. Kompyuta iliyotumika ya 250,000 itatosha kuendesha programu ya MAME, iliyoanza mwaka 1997 kwa ajili ya kuhifadhi gemu za makabati, na vijiti na vitufe vinaagizwa kwa bei isiyotisha. Dai risiti ya mbao, hakikisha zimetoka kwa mfanyabiashara halali.

Sitamshauri mzazi wa watoto wadogo aanze na meza hii. Watoto wanataka mpira, si roketi za mwaka 1978. Lakini kwa mtu mzima anayependa vitu hivi ni kitu cha kudumu, na upande wa pili wa meza mwambie fundi achonge mashimo ya bao: mistari minne ya mashimo manane. Umeme ukikatika, hamia upande huo, mchezo unaendelea. Katika orodha hii yote, bao ndilo pekee ambalo gharama yake ya kuendesha ni kete 64.

Sasa njia ninayoiona bora kuliko zote, na ambayo sijaona duka likiitangaza. Nyumba tatu za jirani zinachangia seti moja ya PS3. Zile 450,000 zinakuwa 150,000 kwa kila nyumba, na gharama inarudi baada ya mwaka na miezi michache badala ya miaka mitatu na nusu. Watoto wanakuwa sita au saba: wapo wapinzani, wapo watazamaji, zamu ina maana. Wazazi wanajuana, na wote wanajua saa ya kufunga. Banda limerudi nyumbani pamoja na watu wake.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni nusu ukurasa wa daftari. Mashine inakaa kwa nani, na kwa muda gani kabla ya kuhamia nyumba nyingine. Kubadilishana kila mwezi kunasaidia pia uniti za LUKU zisirundikane kwa mmoja akavuka 75. Nani anamlipa fundi ikiharibika, na kiasi gani kinawekwa akiba kila mwezi kwa ajili hiyo. Shilingi 3,000 kwa kila nyumba zinatosha. Siku za shule gemu inawashwa saa ngapi, au haiwashwi kabisa. Akija mtoto wa nyumba ya nne, anacheza bure au hachezi. Msianze kumtoza, kwa sababu siku mtakapopokea jero ya kwanza mtakuwa mmefungua biashara, nayo inahitaji leseni ya Halmashauri ya Mvomero. Padi nazo zisikae zote mahali pamoja na mashine: moja ibaki nayo, na zile tatu zigawiwe nyumba zote, ili mechi ya wanne isiweze kuanza mpaka kila nyumba imemtuma mtoto na padi yake.